Bwana Usingizi na Waliomficha Walichokula

Alipoingia wodini hakuvaa koti jeupe. Hilo ndilo la kwanza linalonijia kila ninapojaribu kumweleza kwa mtu asiyemjua. Koti alilitundika kwenye msumari nje ya mlango, akaingia na sweta yake ya kijivu iliyofumwa nyumbani, upara wake, na viatu vya mpira vyenye matope ya Nyeri. Alivuta kiti hadi kando ya kitanda cha mtu ambaye angepasuliwa kesho yake, akakaa. Alimwachia mgonjwa nafasi ya kumtazama.

Mgonjwa alipochoka kutazama, aliuliza, "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nitakayekulaza usingizi kesho."

Halafu tulingoja, yeye kitini na mimi, mwanafunzi wake, nyuma yake. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Wengine waligeukia ukuta. Mzee mmoja wa Tetu, aliyekuja na uvimbe shingoni, aliinuka kwa kiwiko akaita kwa sauti iliyofika wodi ya pili:

"Sista! Sista, kuja hapa! Ati huyu Karasinga ndiye atanilalisha? Serikali ni yetu, hospitari ni yetu, na mimi niuawe na Karasinga?"

"Kalasinga ana kilemba, mzee," akajibiwa kwa Kikuyu cha huko huko Tetu. "Mimi hata nywele sina."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka kwa shida, akishika shingo. Ndipo yule mtu wa kitini alipovuta kiti karibu zaidi na kuuliza polepole, kana kwamba ni maongezi tu:

"Sasa niambie. Leo umekula nini?"

Hospitali nzima ilimwita Bwana Usingizi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mhindi, mtu wa Nyeri tangu nguo za shule, na kazi yake ilikuwa kuwalaza watu usingizi kabla ya kisu na kuwaamsha baada yake. Alinifundisha kazi hiyo. Sijui kama nilimpenda. Nilimwogopa, kisha nikaogopa kufanana naye, na hizo ni hofu mbili tofauti.

Lile swali la chakula lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtu akilazwa usingizi tumbo likiwa limejaa, chakula hupanda kooni, na kwa kuwa amelala hawezi kukohoa. Kinaingia mapafuni. Anakufa mikononi mwako kabla mpasuaji hajagusa kisu. Kwa hiyo tuliwakataza wagonjwa kula. Lakini watu wa kwetu milimani hawakuweza kukubali kwamba mwana wa mtu aende kukatwa akiwa na njaa. Akina mama walikuja na chupa ya chai iliyojaa uji, wakaificha chini ya leso. Walileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, umefungwa kwa jani la mgomba. Mgonjwa alikula shuka likiwa limefunika kichwa. Akiulizwa na muuguzi wa kijiji chake, pengine angekiri. Akiulizwa na Mhindi, alisema, "Sijakula kitu," na kumkazia macho.

"Mtu akikudharau hakuambii ukweli wa tumbo lake," Bwana Usingizi aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Kwa hiyo leo mwache anitukane mpaka aishiwe na matusi. Kesho yeye hatakuwa na muda wa kutukana, na mimi sitakuwa na muda wa kubahatisha."

Niseme na habari yangu, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilimchunguza hivyo. Mimi ni mwoga. Nilitoka Majengo, mtaa wa Waswahili pale Nyeri, mama yangu Mkikuyu, baba yangu mtu wa Majengo tu, mchanganyiko ambao hata nyumbani hatukuwahi kumaliza kuuhesabu. Niliingia hospitali nikiwa dresa wa vidonda. Mambo ya usingizi nilianza kuyasoma peke yangu, katika vitabu vikuukuu vya Kiingereza nilivyonunua sokoni, kamusi ikiwa magotini. Sikuwa na cheti cha maana. Nilikuwa na hofu tu, na hofu ilinifanya mwangalifu kupita kiasi. Nilikagua chupa ya oksijeni, nikafika mlangoni, nikarudi kuikagua tena. Nilipofika nyumbani nilijiuliza kama niliifunga, nikashindwa kula.

Hospitalini waliniita Mswahili. Kwenu huenda hilo ni jina zuri. Kwetu lilikuwa na maana ya mtu wa maneno mengi na kazi kidogo, mtu asiye na shamba, mtu wa kuangaliwa mkono asije akaiba. Sista mkuu alinisifu siku moja mbele ya wenzangu: "Huyu msichana ni safi. Si kama Waswahili wengine." Nami nikamshukuru! Nilifika nusu ya njia kwenda nyumbani ndipo nikahisi uso unawaka.

Kilichonitisha ni hiki. Muuguzi wa Othaya akikosea, limekuwa kosa la muuguzi yule. Anakaripiwa, analia, yanaisha. Mimi ningekosea, lingekuwa kosa la Majengo yote, la mama yangu na baba yangu, la kila binti mwenye kitambaa kichwani ambaye angekuja kuomba kazi baada yangu. Sikuwa na kosa hata moja ambalo lingekuwa langu. Nilikwenda kazini kila asubuhi nimebeba mtaa mzima, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitauangusha.

Bwana Usingizi yeye alionekana hana mzigo. Alikuwa na majibu. Walimwuliza karibu kila juma, kwa upole kabisa, "Sasa Bwana, unarudi lini kwenu?" Naye alitazama saa ya ukutani. "Saa kumi na moja. Kwetu ni nyuma ya soko, karibu na kinu." Walimwambia, "Unajua Kikuyu kushinda sisi!" wakishangaa kila mara kana kwamba wamemwona mbuzi akisoma gazeti. Naye alisema, "Mwalimu wangu alikuwa na kiboko kirefu." Mlezi wa mgonjwa alimpa sarafu akidhani ni mwenye duka aliyekuja kudai deni. Aliirudisha, akauliza mgonjwa amekula nini.

Kisha ukaja mwaka ule nchi jirani ilipowafukuza Wahindi wake. Redio ilizungumza hayo asubuhi na jioni. Pale hospitalini hakuna aliyemtolea ukali. Walianza kugawana vitu vyake.

"Bwana, ukienda, ile redio yako ni yangu," alisema mbeba machela, akimpiga bega. "Nimesema wa kwanza, wote mmesikia."

"Na mimi nimechukua gari," akasema karani.

"Gari gani? Ile kobe? Chukua tu. Mimi nataka nyumba, iko na bomba ndani."

Alicheka nao. Akagawa mwenyewe: redio kwako, kobe kwako, wewe nyumba, lakini kodi ulipe. "Na upara nani anautaka?" Walicheka mpaka wakashika mbavu, na sidhani kama hata mmoja wao alimtakia mabaya. Walikuwa watu waliomletea mahindi mabichi msimu ukifika. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mtu anaweza kukuletea mahindi na wakati huo huo akaipima nyumba yako kwa macho.

Mchana huo niliingia chumba cha kubadilishia nguo kutafuta aproni, nikamkuta amekaa juu ya benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hakunisikia. Alikuwa akikitazama kile kiatu kama mtu aliyesahau kinavaliwaje. Nilirudi nyuma nikinyata, nikafunga mlango. Nilikuwa nimefikiri kwamba yale majibu yake ni ngao. Siku hiyo nikaanza kushuku.

Ningependa kusema kwamba mtu aliyeonja hayo hakuwaonjesha wengine. Sivyo ilivyokuwa. Siku moja alinialika kwake nikachukue kitabu cha mapafu. Mke wake alinikaribisha vizuri, akaleta chai yenye iliki. Wao walikunywa kwa vikombe vya udongo vyenye maua. Changu kilikuwa kikombe cha bati, kilichomenyeka rangi ukingoni, na kilitoka kwenye rafu ya peke yake karibu na mlango wa nyuma. Bwana Usingizi alinieleza habari za mapafu kwa saa nzima, kwa uvumilivu ambao sijawahi kuuona kwa mwalimu mwingine, na macho yake hayakugusa kile kikombe hata mara moja. Nilikunywa yote. Nikasema chai ni tamu, na kweli ilikuwa tamu.

Bendeji ikifungwa ovyo, aliita hiyo "kazi ya Kiswahili", nami nimesimama pale pale. Wafugaji walioletwa kutoka upande wa kaskazini, wembamba, wenye mishale ya maumivu usoni, aliwaita mashifta, majambazi wa mpakani, kisha akakaa nao kitako na kuwauliza wamekula nini kwa sauti ile ile ya upole. Nilipomtazama alisema, "Nini? Ni mzaha." Ndivyo na wale wengine walivyosema.

Sasa nifike kwa kijana wa Chaka. Alikuwa utingo wa lori, mguu umevunjika pabaya. Nilikwenda kumwona jioni, peke yangu, bila koti, kama nilivyofundishwa. Alinitazama mara moja.

"Wee dada, leta daktari."

"Mimi ndiye nitakulaza kesho. Umekula nini leo?"

"Mimi nataka daktari. Sitaki story ya Majengo."

"Nitamwita. Lakini umekula?"

"Sijakula!" akauambia ukuta.

Bwana Usingizi angekaa. Angengoja matusi yaishe, angetania. Mimi nilihisi machozi yanakuja nikaondoka haraka ili asiyaone. Asubuhi nikamrudia na swali lile lile, nikapata jibu lile lile. Nikaweka barakoa usoni pake, nikafungua dawa. Alilala vizuri. Kisha kifua kikaruka, na uji wa wimbi ukapanda ukajaa kinywa na pua. Uso ukageuka rangi ya jivu la mvua. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi mpaka ukurasa ukachanika. Mkono wangu ukabaki hewani, hausogei.

Bwana Usingizi alikuwa mlangoni akifunga mikanda ya aproni. Aliruka. Alikanyaga chuma cha meza mpaka kichwa cha mgonjwa kikashuka chini ya miguu, akageuza uso, akaingiza mpira wa kufyonza, akafyonza, akafyonza. Kijana akakohoa. Rangi ikarudi midomoni kidogo kidogo. Akapona, na leo nadhani anaendesha lori lake mwenyewe.

Daktari mkuu wa upasuaji, aliyekuwa ameinua mikono yenye glavu muda wote huo, akavuta pumzi.

"Haya ndiyo matunda ya kuokota watu Majengo," akasema.

Na Bwana Usingizi akacheka. Kicheko kidogo, cha adabu, kile kile alichogawia redio yake. "Kweli, daktari," akasema. "Tutawafundisha tu."

Nilimfuata hadi chumba cha nguo. Sikuwahi kumwuliza neno la namna hiyo kabla ya hapo.

"Mzee, mbona ulicheka?"

"Ulitaka nifanye nini? Nimgombeze? Kesho nikimwambia mgonjwa wake hana damu ya kutosha, asimamishe kisu, atanisikia? Mtu niliyemkasirisha hanisikii. Nimecheka miaka yote hii, binti, na bado niko na kazi, na wagonjwa bado wanaamka."

"Na mimi?"

Alivua sweta yake, akaikunja kwa uangalifu. "Wewe jifunze kucheka."

Nilijaribu. Nawaambia ukweli, nilisimama mbele ya kioo cha mama yangu nikakifanyia mazoezi kile kicheko. Kilitoka kama kikohozi cha mtu mgonjwa.

Alistaafu mwaka uliofuata. Hakuna aliyemfukuza, alihamia Timau kwa ndugu yake, wakauza mbegu na waya wa seng'enge kwa wenye mashamba ya ngano. Tulimnywea chai na keki. Mbeba machela alipewa redio kweli, akalia mbele za watu. Mimi nilipewa vitabu vyote na chombo cha kumulika koo, kile cha chuma chenye taa ndogo, ambacho hakuwahi kumruhusu mtu mwingine akisafishe.

Nikabaki peke yangu katika kazi ile. Wagonjwa waliuliza kama hakuna mwanamume. Waliuliza nimesomea wapi, na nikijibu waliguna. Wengine nilikaa nao mpaka wakasema walichokula. Wengine walinishinda, nikamwomba muuguzi wa kijiji chao aulize badala yangu, nami nikasikiliza nyuma ya pazia kama mwizi. Nilikonda. Mwishowe nikajiapia: atakayenikataa tena mbele ya watu, huyo ndiye wa mwisho. Nitavua aproni, nitakwenda Nanyuki kwa shangazi nikauze dukani kwake, na hakuna atakayekufa kwa sababu ya mkono wangu. Nilipoapa hivyo nililala vizuri, mara ya kwanza baada ya miezi.

Alasiri moja ya mvua, gari la mizigo likaja kutoka Timau. Aliyeshushwa alikuwa Bwana Usingizi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Utumbo ulikuwa umenaswa kwenye ngiri na umeanza kuvimba. Daktari alimgusa tumbo akasema hawezi kungoja, wala hawezi kufika Nairobi. Nikatundika koti langu, nikavuta kiti. Muuguzi na mbeba machela walikuwa hapo.

Alifungua macho. "Nani analaza leo?"

"Mimi, mzee."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

Akafumba macho. Jasho lilimtiririka kwenye upara. "Piga simu misheni," akasema. "Yule mzungu wao wa usingizi aje. Sitaki kuuawa na kazi ya Kiswahili."

Muuguzi akainamisha kichwa. Mbeba machela akanitazama, na nilijua wananingoja nicheke. Midomo yangu ilikwisha kujitayarisha. Badala yake nikasimama nikatoka, nikafika kwenye msumari, nikashika koti langu. Nilikuwa nimeapa. Nanyuki haikuwa mbali. Nikasikia nyuma yangu akiguna, sauti ya mnyama, na nikakumbuka kwamba katika hospitali ile yote, mtu mwingine aliyejua kazi ya usingizi ndiye yule aliyelala kitandani.

Nikarudi.

"Mzee, usiniseme hivyo."

Akafungua jicho moja.

"Ulinifundisha nicheke. Nimeshindwa. Ukinisema hivyo mkono wangu unatetemeka, angalia, huu hapa. Na mkono huu ndio utashika pumzi zako. Misheni hawatawahi. Sasa niambie. Umekula nini leo?"

"Sijakula."

Ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi ya manjano ya mchuzi. Sikuzitaja. Nilikaa. Mvua ilipiga mabati, daktari alichungulia mlangoni, nikamwinulia mkono angoje, na nilishangaa kwamba alingoja.

"Umekula nini, mzee?"

Alikuwa akinitazama sasa kwa macho yote mawili, bila utani wowote ndani yake, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyoogopa, na kwamba hofu hiyo haikuwa ya siku moja.

"Chapati," akasema. "Viazi. Chai ya maziwa. Saa saba hivi, nilidhani maumivu yatapita." Akameza mate. "Sikutaka ujue. Nilidhani utaogopa."

"Naogopa tayari."

"Basi mwambie muuguzi abonyeze koo kabla hujanilaza, chakula kisipande. Na mashine ya kufyonza iwe karibu."

"Iko tayari," nikasema, na ilikuwa tayari.

Alilala. Muuguzi alibonyeza koo, nikafungua kinywa, nikamulika, nikaona njia ya pumzi, nikaingiza mpira wa kupumulia. Mkono ulitetemeka, lakini ulisogea. Chapati na viazi vilibaki vilikokuwa.

Kesho yake nilimkuta ameegemea mto, ulimi wake ukizunguka ndani ya mdomo kama unatafuta kitu. Nilingoja aniombe radhi. Pengine nilitaka hata ashukuru.

"Umenigonga jino," akasema.

Nikainama nikatazama. Kweli, jino la mbele lilikuwa limemeguka pembe.

"Ulikiegemeza kile chombo kwenye meno. Mara ngapi nimekuambia, unanyanyua, hupindi?"

"Ni kosa langu, mzee."

"Ni kosa lako, ndiyo. Nenda ukilete nikuonyeshe."

Muuguzi alikuwa akitandika kitanda cha pili, alisikia yote, akaendelea kutandika. Hakuna aliyetaja Majengo. Nilitoka kwenda kukileta kile chombo, nikiwa na kosa dogo la pembe ya jino, na kosa hilo lilikuwa langu peke yangu.